Waingereza Wetu Wawili

Siku mpwa wangu wa kike alipomleta nyumbani mchumba wake pamoja na bibi wa kijana huyo, tulikuwa tumejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kile kilichotokea. Viti tulikuwa tumeazima kwa majirani. Soda zilikuwa zimelala ndani ya ndoo ya maji, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na hapakuwa na dalili kwamba unajuta. Mimi, mjomba msomi, nilikuwa na hotuba mfukoni. Dada yangu na mumewe walikuwa wamekimbia vita, wako kambini Tanzania, kwa hiyo msichana alikuwa mikononi mwangu na mwa mama yangu, na ugeni wote ulifanyika nyumbani kwa mama, mtaa wa Cibitoke, kaskazini mwa mji.

Bibi wa kijana akaingia, akavua mtandio, akamtazama mama yangu. Mama naye akamtazama.

Ilikuwa kama mtu ameegemeza kioo mlangoni. Pua ile ile, nyembamba na ndefu, iliyopinda kidogo kwenye ncha kana kwamba inasikiliza jambo upande wa kushoto. Madoadoa yale yale mashavuni. Rangi ile ile ya chai iliyotiwa maziwa kwa ukarimu. Macho ya kijivu, ambayo mtaani kwetu mama peke yake ndiye alikuwa nayo, sasa yalikuwa manne.

"We, baba yako alikuwa nani?" akauliza mama. Hata karibu hakusema.

"Mwingereza wa meli."

"Meli gani?"

"Ile ya Kigoma."

"Wangu pia ni wa meli ya Kigoma," akasema mama taratibu, na mpwa wangu akakalia sahani ya sambusa.

Inanibidi nieleze. Mama yangu ni chotara. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli ya ziwa, enzi zile Kigoma ilipokuwa chini ya Waingereza na huku kwetu chini ya Wabelgiji. Alikaa bandarini kwetu muda wa kutosha kuacha mtoto na jina lake kamili katika kitabu cha ubatizo cha misheni, pamoja na jina la kijiji alikozaliwa. Kisha akahamishwa, na habari zake zikaishia hapo. Shuleni watoto walimwita mama mzungu wa mkopo. Mpaka alipofikisha miaka sabini aliamini kwamba yeye peke yake mjini ndiye wa aina yake, kama mnara.

Tatizo, hata hivyo, halikuwa mama. Kwetu, ndugu hawaoani, na undugu wetu una mikono mirefu. Ikiwa bibi hawa wawili walikuwa wa baba mmoja, basi wajukuu wao walikuwa damu moja, na harusi ilikuwa imekufa pale pale, juu ya sambusa.

Nikamwomba bibi jina la baba yake, na alipolitaja nikaona nafasi yangu ya kung'ara. "Lakini majina!" nikasema. "Mwingereza wa mama na Mwingereza wa bibi wana majina ya ukoo tofauti kabisa. Ni watu wawili!"

Upande wao ulikuwa umeleta msemaji, mjomba wa kijana, mzee wa Musaga, mtaa wao wa kusini mwa mji, aliyestaafu forodhani pale bandarini. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama, nadhani, magunia yasiyo na nyaraka.

"Profeseri," akasema. Sikuwa profesa, nilikuwa mfasiri katika wizara moja pale Rohero, katikati ya mji, lakini mtu aliyesoma Kiingereza chuo kikuu hana njia ya kulikwepa jina hilo. "Mi na mudogo wangu tumetoka tumbo moja. Majina yetu iko sawa?"

Hayakuwa sawa. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake.

"Waingereza ni tofauti," nikasema.

"Haya. Halafu mwanaume mwenye kuacha mutoto bandarini, anaacha na jina lake ya kweli? Mi nimefanya kazi bandarini. Sijaona." Akachukua sambusa moja iliyonusurika. "Lete karatasi. Kila Mwingereza na karatasi zake: alizaliwa wapi, wazazi ni nani, alikufa wapi. Wakiwa wawili, tunaoza. Akiwa mumoja, tunakula hizi tunarudi Musaga."

Sitasahau jinsi wazee wa pande zote mbili walivyoichangamkia kesi hiyo. Miaka ile swali la mtu ametoka wapi lilikuwa na meno. Watu waliliuliza kwa macho, na wengine walikufa kwa jibu lake. Na sasa, kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, wazee kumi walikuwa wanabishana juu ya asili ya watu kwa sauti ya juu, madirisha yakiwa wazi, tena wakicheka. Asili yenyewe ilikuwa Uingereza, na hapakuwa na Mwingereza hata mmoja mtaani wa kuudhika.

Nilianza kazi wiki ile ile, katika mkahawa wa intaneti karibu na ofisi yangu, ambako mashine zilikuwa sita na moja kati yao ilifanya kazi. Niligundua mambo mawili yaliyonifurahisha kuliko yanavyostahili. La kwanza ni kwamba Waingereza, katika maparokia yao, wameandika kila mtoto aliyebatizwa, kila aliyeoa na kila aliyezikwa, kwa mamia ya miaka, hata vijijini ambako hakuna kilichotokea zaidi ya hayo matatu. La pili ni kwamba sensa zao za zamani zinaandika nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu, pamoja na kazi yake, na kwamba watu wenye muda wanaziweka kwenye mtandao wengine wazisome.

Kila parokia, ilionekana, ilikuwa na mtu mmoja anayejitolea kuvinukuu vitabu hivyo. Parokia ya Mwingereza wa mama ilikuwa na bibi mmoja mpiga kinanda wa kanisa. Nikamwandikia barua pepe kwa adabu zote nilizolelewa nazo. Nikamsalimu. Nikamuuliza hali ya afya, ya watoto, ya mvua. Nikamweleza kwamba naandika kutoka nchi iliyoko vitani, kwamba huenda mimi na yeye ni ndugu, kwamba kuna mtu amefariki zamani na nahitaji msaada wake katika jambo la siri la kifamilia, na kwamba, Mungu ni shahidi, sihitaji fedha.

Hakujibu. Nikaandika tena, nikisisitiza zaidi kwamba sihitaji fedha. Nikaandika mara ya tatu na kuongeza kwamba mimi ni mtu mwaminifu.

Mpwa wangu alikuja siku moja, akasoma nilichoandika akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, na nikamsikia anavuta pumzi. "Mjomba," akasema, "hii barua hata mi ningeifuta. Hata polisi ningeita." Akanisukuma nitoke kitini, akaandika mistari mitatu: tunamtafuta fulani, aliyezaliwa kijijini kwenu, tunaomba kujua wazazi wake. Asante.

Jibu lilikuja kesho yake. Bibi mpiga kinanda alikuwa mwema kupita kiasi. Alinitumia ukurasa mzima wa vitabu vya ubatizo alioupiga chapa kwa mkono wake. Nami nikapitisha kidole kwenye kioo cha mashine mpaka nikaliona jina la babu yangu, kamili, yote mawili kama yalivyo katika kitabu cha misheni. Baba yake: fundi wa saa. Nikaufunga ukurasa pale pale, kama mtu aliyemwona mbuzi wake sokoni na hana haja ya kuangalia wengine.

Hapo ndipo nilipopotea. Kazi niliyotumwa ilikuwa ndogo: thibitisha kwamba Waingereza ni wawili. Badala yake nilimfuata fundi wa saa mpaka nyumbani kwake. Nikampata kwenye sensa, pamoja na mke, watoto saba na mama mkwe "mwenye kujitegemea". Nikampata baba yake, naye fundi wa saa, aliyekuwa akiitengeneza saa ya mnara wa kanisa. Nikampata baba wa baba yake, kisha mke wa huyo, mfua nguo, kisha shemeji wa mfua nguo. Nilikuwa nikitoka ofisini mapema, na umeme ukikatika nikiwa katikati ya ubatizo, nilibaki gizani nimekaa kama mtu aliyefungiwa mlango wa kanisa.

Nilibadilika. Nilianza kunywa chai saa kumi kamili. Nilianza kuwakemea watu kwa kuchelewa, nikisema ni jambo la damu. Ofisini niliwaeleza wenzangu, bila kuulizwa, kwamba mtu wa ukoo wa kutengeneza saa huumia kimwili anapoona saa ya ukutani imesimama. Mmoja akanijibu kwamba saa ile imesimama tangu kabla sijaajiriwa na hajawahi kuniona nikiugua.

Mama, wakati huo, alikuwa na uchunguzi wake. Alikwenda Musaga kumjulia hali yule bibi mwingine, akarudi. Akaenda tena, hakurudi. Alinipigia kwa simu ya jirani.

"Amri ya kutotoka usiku imenikamata huku," akasema. "Nitalala."

"Mama, ni saa nane mchana."

"Na milimani wanapiga. Nitalala."

Ni kweli kwamba milimani waasi walikuwa wakipiga mizinga, na ni kweli pia kwamba basi la mwisho la kutoka Musaga lilikuwa likiondoka mapema siku hizo. Lakini nilipokwenda kumchukua niliwakuta wamekaa kibarazani wanachambua maharagwe na kugombana.

"Wangu alikuwa fundi mukubwa," alikuwa akisema mama. "Wako alikuwa anapaka tu mafuta mu mashine."

"Wangu alikuwa anapiga filimbi! Mama yangu alisema meli ikikaribia, wanaisikia filimbi kabla ya meli."

"Kama ni mutu mumoja, basi alikuwa anapiga filimbi na kupaka mafuta."

"Kama ni mumoja," akasema yule bibi, "basi we ni mudogo wangu. Nenda ulete chumvi."

Na mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akitumwa na mtu yeyote, aliinuka akaleta chumvi. Njiani kurudi akaniambia nisiharakishe sana na karatasi zangu. Nilimwelewa. Tangu utoto alikuwa mnara, na sasa ameonja kuwa mdogo wa mtu.

Miezi ikapita. Msemaji akaanza kutuma salamu zenye ncha. Nikamwandikia bibi mpiga kinanda barua ya fahari, nikimweleza kila nilichokipata juu ya ukoo wetu wa saa, na kumwomba tu anipe tarehe ambayo babu yangu aliondoka kwenda Afrika.

Akajibu kwa upole wa kutisha. Ni babu yupi huyo? Kijijini kwao, aliandika, walikuwa na wavulana wanne wa jina hilo, lote kamili, waliobatizwa karibu wakati mmoja, binamu watupu. Wengine wako kwenye kurasa zinazofuata. Huyo mtoto wa fundi wa saa anamfahamu vizuri, kwa sababu ndiye aliyemfundisha baba yake yeye mpiga kinanda kuimba. Huyo hakuwahi kutoka kijijini isipokuwa siku za soko.

Nilikaa mbele ya mashine ile mpaka mwenye mkahawa akaja kuniuliza kama imeharibika.

Nataka nijitetee kidogo. Kwetu jina hushonwa kwa kipimo cha mtoto. Aliyezaliwa mvua ikinyesha hubeba mvua yake. Aliyezaliwa wazazi wakiwa na ugomvi na jirani hubeba ugomvi, na jirani akimwita mtoto kila jioni anasikia ujumbe. Watu wawili wa kilima kimoja wenye jina moja, kwanza hadi mwisho? Wazee wangeuliza nani amemwibia mwenzake. Haikuwa imenipitia akilini kwamba kuna nchi inayogawa majina kama sare za shule. Nililiona jina moja, nikajua nimemwona mtu. Sikufungua hata ukurasa wa pili. Na kati ya wanne, inasikitisha kusema, nilikuwa nimeangukia mwenye kazi nzuri. Watatu waliobaki walikuwa watoto wa vibarua.

Nilimweleza mpwa wangu habari hiyo kwa sauti ya msiba. Hakulia.

"Mjomba," akasema, "mi siolewi na saa. Miezi yote hii unatafuta babu zako. Mi natafuta bwana." Kisha akauliza swali ambalo mtu yeyote asiye na digrii angeliuliza mwanzo: "Na ule mwingine? Ule wa Musaga umemtafuta?"

Sikuwa nimemtafuta. Ulikuwa ukoo wa watu wengine.

Jina la kijiji cha Mwingereza huyo yule bibi alilijua kwa moyo. Mama yake alikuwa amemfundisha kulitamka kama watoto wengine wanavyofundishwa sala. Mpwa wangu aliandika mistari yake mitatu, na wiki haikuisha. Ndiyo, tunaye, wakajibu. Ni mmoja tu wa jina hilo, mtoto wa mshona matandiko ya farasi. Nyumba yao iko kwenye sensa. Na yumo katika kitabu cha mazishi, pembeni yake kasisi ameandika: fundi wa meli, alirudi kutoka Afrika mgonjwa. Kaburi liko upande wa kaskazini wa kanisa, linafyekwa kila mwaka.

Nilitazama tarehe ya mazishi, nikaitazama tena. Siku alipozikwa, yule bibi wa Musaga alikuwa hajaanza kutambaa. Na mama yangu alizaliwa miaka miwili baadaye. Mtu aliyelala kaburini Uingereza hawezi kuwa anapata mtoto upande huu wa ziwa. Hata forodha ingekubali.

Jumamosi tulikusanyika Musaga. Msemaji alivaa miwani, akaisoma karatasi mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga kutafuta sijui nini, akaishusha. "Wawili," akatamka.

Vigelegele! Mpwa wangu alinikumbatia mpaka kalamu yangu ikavunjika mfukoni. Kijana wake, ambaye tangu mwanzo wa kesi hakuwa amesema neno, alisema neno, nalo lilikuwa "ouf", Kifaransa cha kushusha pumzi. Mama alipiga makofi na wengine, lakini niliona amekitazama kibakuli cha chumvi.

"Soma tena," akasema yule bibi. "Pale pa kurudi."

Nikasoma, nikitafsiri polepole: alirudi mgonjwa. Akafa mwaka ule ule.

"Kwa hiyo hakunikimbia."

"Hapana, bibi. Hakuwa na muda wa kukimbia."

"Basi baba yangu amekufa," akasema.

"Bibi, ni miaka sabini sasa..."

"Mi nimejua leo."

Akajifunika mtandio na kulia kwa sauti, kama watu wanavyolia kwetu, na sauti ile ikatoka dirishani. Miaka ile, Musaga, watu hawakungoja kuambiwa nani. Mtu akilia hivyo, walikuja. Wanawake wa jirani waliingia wakiwa na mikono yenye unga. Kabla sijamaliza kumweleza wa kwanza kwamba marehemu ni Mwingereza na amekufa kitambo, wa tano alikuwa ameleta viti, na nje vijana walikuwa wanafunga turubai.

Msemaji alinivuta pembeni. "Profeseri, umetuletea ruhusa na zuio mu karatasi moja."

Ilikuwa kweli. Nyumba yenye msiba haifungi harusi. Inasubiri kuganduka, ile siku ya kutoka rasmi kwenye msiba, na kwa baba mzazi watu huweza kungoja mwaka mzima. Nilihisi mtu ananitazama. Alikuwa mpwa wangu.

"Mjomba," akasema kwa upole, "haungeweza kumuacha hai mupaka Agosti, tuoane kwanza?"

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za majadiliano. Bibi alitaka mwaka, kama baba yeyote anavyostahili. Msemaji alijenga hoja ya kiforodha: muda ambao mzigo umekaa ghalani nao unahesabiwa, na mzigo huu umekaa ghalani miaka sabini. Bibi akamwambia akanyamaze. Mimi nilijaribu kueleza kanuni za Waanglikana kuhusu maombolezo, ambazo sizijui, nikaambiwa na mimi nikanyamaze.

Mama alikuwa amekaa mkekani karibu naye muda wote huo, kama mfiwa. Alikataa kurudi Cibitoke, na safari hii hakusingizia amri yoyote. Jioni ya pili akasema, "Dada, we umemulilia huyu mutu maisha yako yote, ila haukujua kama ni kilio. Ile yote isihesabiwe?"

Bibi alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio. Baadaye akasema: wiki moja.

Siku ya kuganduka niliambiwa niseme kwa niaba ya upande wa marehemu, kwa kuwa ndugu zake hawakuweza kufika na mimi peke yangu nilikuwa nimewasoma. Nikasimama na tai. Nikaeleza nyumba ya mshona matandiko, watoto wake, kanisa, kaburi linalofyekwa. Milimani mlio mmoja ukasikika, kisha mwingine. Watu wakainua vichwa, wakapima umbali, wakavishusha. Nikaendelea.

Msemaji, kama desturi inavyotaka, akauliza kama kuna aliyemdai marehemu chochote, ajitokeze sasa. Kisha mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa ameanza pombe ya ndizi mapema, akanyanyua mkono.

"Alikuwa ameniazima baiskeli."

"We ulizaliwa lini?" akauliza msemaji.

"Aliniazima mbele sijazaliwa. Ndio maana sikumukatalia."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele, na kilipofika mkekani bibi alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na tulidhani analia mpaka alipoinua uso. "Mupeni baiskeli yake," akasema. Hapo ndipo msiba ulipotoka. Mwanamke mmoja, mgeni, alimuuliza mama yeye ni nani kwa marehemu. "Mi ni mutoto wa mwenzake wa meli," akasema mama. Mwenzake yupi? "Ah, huyo hatujamujua. Niko nao wane." Nilikuwa nimempa orodha ya vibarua wale watatu pamoja na mtu wa saa, nikiahidi kuendelea kupunguza. Alikataa nimpunguzie hata mmoja, hata yule wa saa ambaye hakuwahi kutoka kijijini.

Harusi ilifungwa Agosti. Katika kuposa msemaji alitangaza kwamba safari hii wamekuja bila Mwingereza yeyote, na kama tunaye tumfungie chumbani. Kila mtu alikula sambusa zilizonona, zisizokaliwa.

Kesho yake nilikwenda Cibitoke kumsaidia mama kurudisha viti. Nyumba ilikuwa imefungwa. Saa nane mchana simu ikalia.

"Amri imenikamata huku," akasema mama, na nyuma yake nikasikia sauti ikimtuma chumvi.

Vita viliisha, amri ile ikafutwa, mabasi ya Musaga yakaanza kutembea mpaka usiku. Mama aliendelea kukamatwa nayo karibu kila wiki.